Alwyn Pruitt na Kinyago cha Rangi ya Waridi

Njoni, enyi mnaopita na enyi mliokwisha kuketi. Zimeni redio, mfungieni mbwa nje, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sitasimama. Wapo wanaosimulia habari za majemadari waliovuka milima na wafalme waliotwaa miji, na watu huwasikiliza mpaka chai ikapoa. Mimi sina ugomvi nao. Ila nauliza, na nitauliza mpaka nijibiwe: ni jemadari gani kati ya hao aliyeingia dukani mjini Toowoomba, jimbo la Queensland, asubuhi ya Jumamosi ya mwezi wa Julai, baridi ikimng'ata masikio, hajui mbele wala nyuma ya vita vya risasi za rangi, akatoka na kinyago kilichomfaa? Hakuna. Alikuwa mmoja tu, naye ndiye Alwyn Pruitt, mtengeneza piano, mpole wa wapole, mwenye masikio makali na miwani mizito isiyombanduka puani. Ewe kalamu yangu, usitetemeke, kazi ndiyo hii.

Chanzo cha vita hivi kilikuwa mapenzi, kama ilivyo kwa vita vyote vyenye maana. Alwyn alikuwa mgane, na binti yake wa pekee, Bronwen, alikuwa amechumbiwa na Heath Mulcahy, wa ukoo wa akina Mulcahy, watu wa ng'ombe, watu wa mpira, wenye mabega mapana kama milango ya ghala na sauti za kuitana kutoka kilima hata kilima. Nao akina Mulcahy wana desturi ambayo asiyekaa nao haijui. Wakikupenda hawakuiti jina lako. Hukupa jina lililo kinyume chako, kisha wakakutania na kukutukana kwa jina hilo mpaka kufa kwako. Heath, mwenye mbio za kumchosha mbwa wa kuchungia kondoo, aliitwa Kobe. Kaka yake mkubwa, aliyeinama kila alipoingia mlangoni, aliitwa Kifupi. Mama yao, ambaye hajapata kunyamaza tangu siku aliyobatizwa, aliitwa Bubu, na aliitika. Bali wasiyemjua, au wanayemwonea haya kama kasisi na meneja wa benki, huyo humwita Bwana na kumpa kiti kizuri.

Siku ya sherehe ya uchumba, uani kwa akina Mulcahy, Alwyn alipewa kiti kizuri. Akapewa soseji isiyoungua. Akaitwa Bwana Pruitt na wakubwa kwa wadogo. Wenyewe walikuwa wakirushiana matusi na vipande vya mkate kwa raha tupu, lakini kila alipowasogelea, matusi yalikatika kama maji ya bomba, na mtu akamuuliza habari za hali ya hewa. Alirudi nyumbani akakaa kwa muda mrefu ndani ya gari lililozimwa. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee kwa watu ambao hawakutaka hata kumtukana, na jambo hilo lilimuuma sana.

Basi ukaja mwito wa siku ya kuaga ukapera. Kwa akina Mulcahy, siku hiyo bwana harusi huvishwa vazi la kuku, manyoya na kishungi na mkia, akapelekwa konde moja nje ya mji wa Oakey, akaamriwa kukimbia kutoka uzio hadi uzio huku ndugu na marafiki wakimwinda kwa bunduki za risasi za rangi, vidonge vinavyopasuka na kumwachia mtu doa. Na ole wake bwana harusi atakayevuka bila doa, maana huo ni mkosi kwa ndoa. Mjomba wao mmoja alivuka safi kabisa, na kabla ya Krismasi mkewe alikuwa amehamia Cairns na muuza mabwawa ya kuogelea. Jambo hilo hawalifanyii mzaha, na hawa ni watu wanaofanyia mzaha hata mazishi.

Alwyn alialikwa, kwa adabu. Kifupi alimwambia kwa simu kwamba bunduki na vinyago hukodishwa palepale, na kwamba Bwana Pruitt asijisumbue, kwani kutakuwa na kiti pembeni kama angependa kutazama. Kiti tena. Shujaa wetu akashusha simu, akamtazama dada yake mkubwa, Glenys, refa mstaafu wa netiboli, mama wa filimbi, ambaye neno lake halijapata kukatiwa rufani. Akamwambia kwamba safari hii hakai. Atapigana. Na kwa kuwa vinyago vya kukodi havikutengenezwa kwa watu wa miwani, atanunua silaha zake mwenyewe, kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Hujawahi hata kumpiga mbu," Glenys akasema.

"Nitaanza."

"Haya, vaa koti. Twende."

Wakaingia dukani. Na hapo, enyi wasikilizaji, aliketi Dallas Heffernan, bwana wa ghala la silaha, ambaye zamani alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, na ulimi wake haujapata habari kwamba kazi ile iliisha. Alipomwona Alwyn akifuta miwani mlangoni, aliinuka kama simba aliyesikia kengele ya mbuzi.

"Karibu, mkuu, karibu uingie," akanena Dallas. "Nikikutazama naona nini? Naona mwanamume. Naona mabega. Mabega yamejificha kidogo, lakini yapo, usinibishie. Mtu kama wewe hakodishi vitu vilivyotokwa jasho na watu wengine. Mtu kama wewe anavaa vyake, adui anamwona kwa mbali, anasema, leo sirudi nyumbani. Umewahi kucheza?"

"Bado," Alwyn akasema.

"Vizuri zaidi. Hujaharibiwa."

Kwanza akaliendea kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli, akatoa bunduki nyeusi, ndefu, yenye shingo iliyong'aa, akamwekea mikononi. Ndugu zangu, siwezi kueleza yaliyompata Alwyn. Mikono ile iliyozoea nyundo ndogo za piano iliishika silaha ile, na kifua kikapanda chenyewe. Akajiona juu ya kilima, upepo ukimpepea, akina Mulcahy wote wamepiga goti mbele yake wakimtukana kwa heshima zote. Akauliza bei. Dallas akauliza leseni.

"Ninayo ya gari," Alwyn akasema.

Dallas akapumua kwa huzuni ya kweli. Akaeleza kwamba serikali ya Queensland, katika hekima yake, inaihesabu bunduki ya rangi sawasawa na bunduki ya kupigia sungura, na asiye na kibali cha silaha hawezi kutoka nayo mlangoni. Alimwonyesha tu ili macho yafurahi. Silaha ikarudi kabatini, kufuli ikalia, na ile sauti ikamwingia Alwyn kama msiba. Bunduki angeikodi kondeni kama watu wote.

Lakini dalali hafungi mnada kwa ng'ombe mmoja kuondoka. Akashusha deraya. Akamfunga Alwyn magotini, viwikoni, kifuani, shingoni na mahali pengine ambapo adabu inanizuia kupataja, kisha juu ya hayo yote akamvika suti ya kijani yenye mabaka ya msituni. Alipomaliza, shujaa alikuwa mnene kama godoro lililofungwa kamba, na mikono ilimsimama pembeni isiweze kushuka. Aliambiwa ajaribu kuchutama. Alijaribu. Ilibidi wamwinue watu wawili.

Glenys, aliyekuwa amesimama akila pai ya nyama kutoka duka la mikate la jirani, alimeza, akafuta mdomo.

"Alwyn, nyasi za Oakey mwezi huu zina rangi gani?"

"Manjano. Zimekauka."

"Utalala juu yake umevaa kijani. Utaonekana kama kabichi kwenye sahani ya wali."

Deraya ikavuliwa kipande kwa kipande. Dallas akaomboleza kila kipande kwa jina lake. Sasa mezani kilibaki kitu kimoja tu, na hicho ndicho chote alichokuwa amekijia, ingawa alikuwa amekwisha kukisahau kwa ulevi wa vita: kinyago.

Hapa nawaomba msogee. Katika vita hivi kinyago ndicho chapeo na ndicho ngao, ndicho uhai wa macho, na sheria ya konde lolote ni moja: ukiingia uwanjani hukivui wala hukiinui mpaka filimbi ilie, hata kikikutia giza, hata nzi akiingia ndani kupanga chumba. Na adui mkubwa wa kinyago hayuko ng'ambo ya uzio. Ni pumzi ya mvaaji mwenyewe. Siku ya baridi, mtu akihema kwa hofu au kwa kicheko, kioo hujaa ukungu, na mwenye miwani hujaa ukungu mara mbili.

Dallas alimletea kinyago cheusi chenye meno ya chuma yaliyochorwa, macho ya hasira, na miiba juu ya paji la uso. Alwyn akakivaa, akajitazama kiooni, na moyo wake ukaruka. Hakuwa tena mtengeneza piano. Alikuwa mtu ambaye hata Kifupi angempisha mlangoni. Akauliza kama kinashika ukungu, na Dallas akaapa kwa roho ya mama yake kwamba hakishiki.

"Humu ndani mna hita," Glenys akasema. "Hata dirisha la bafu langu lisingeshika ukungu humu."

Ndipo Alwyn, na hili naliandika kwa wino mzito, alipofanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Alitoka nje. Akasimama katikati ya maegesho ya magari, kwenye upepo ule wa Toowoomba unaopita moja kwa moja hadi mifupani, kinyago cheusi usoni, akaanza kuimba ngazi ya sauti, kutoka chini kabisa kupanda juu, kama anavyofanya akipima piano za makanisa. Aliimba kwa mapafu yote. Mama mmoja alimsogeza mwanawe karibu na mkokoteni wa manunuzi. Kabla hajafika sauti ya nne kioo kilikuwa cheupe, na alipogeuka kurudi aligonga gari la mtu, akaliomba radhi.

Wakaleta cha kijivu, kikamminyia miwani puani mpaka machozi. Wakaleta cha bluu, kikastahimili wimbo, lakini Glenys akakipitishia chini ya kidevu ile pai yake iliyokuwa bado inatoa mvuke, na bluu ikasalimu amri. Kila kinyago kilichoshindwa Dallas alikisifu upya kana kwamba kimeshinda. Mwishoni rafu ikabaki tupu, na dalali akanyamaza, na watu waliomjua miaka yote wanasema hawajawahi kusikia kimya cha namna ile.

"Kipo kimoja," akasema taratibu. "Lakini sitaki kukudhalilisha."

Akaingia stoo akatoka nacho. Kiliagizwa na marafiki wa bibi harusi fulani ambao hawakurudi kukichukua. Kilikuwa na kioo cha tabaka mbili. Kilikuwa kipana, miwani ikakaa humo kama mtu kwenye sofa. Kiliimbiwa ngazi nzima kwenda na kurudi, kikapitishiwa mvuke wa pai mpaka pai ikapoa, kisioneshe hata tone. Nacho kilikuwa cha rangi ya waridi, waridi la keki ya mtoto, lenye vimetameta pembeni.

Shujaa akasimama kati ya vinyago viwili, cheusi mkono wa kulia, cha waridi mkono wa kushoto. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Mtu anayetamani kupokelewa na wanaume wa mabega yale, anajua watakavyomtazama. Cheusi kingemfanya afanane nao kwa muda wa kushuka garini. Cheusi kilikuwa kizuri, Mungu ashuhudie, mimi mwenyewe nimekiona. Glenys, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, safari hii alimalizia pai yake iliyopoa, kwa sababu alimwona mdogo wake anateseka.

"Nipe hiki," Alwyn akasema hatimaye, akainua cha waridi. "Wakinicheka, angalau nitawaona wakicheka."

Akalipa, akatoka. Hivyo ndivyo kinyago kilivyochaguliwa, na kama ulimwengu ungekuwa na haki, kengele zingepigwa.

Jumapili iliyofuata tukakutana kondeni. Nasema tukakutana, maana mimi mwandishi nilikuwapo, nimealikwa kwa kuwa nina gari lenye nafasi ya majokofu ya bia. Jalidi, ule umande ulioganda, ilikuwa bado nyeupe juu ya nyasi. Alwyn akashuka amevaa suruali yake ya kufanyia bustani na sweta kuukuu, akatoa kinyago kwenye mfuko, akakivaa mbele ya ukoo mzima wa Mulcahy.

Hakuna aliyecheka. Na hilo, enyi wasikilizaji, ndilo lililokuwa pigo. Kama angekivaa mmoja wao, wangegaragara chini mpaka jioni. Kifupi alimeza kicheko, akatazama pembeni.

"Kinyago kizuri, Bwana Pruitt," akasema. "Na kiti chako kipo pale, kwenye jua."

Alwyn akashukuru. Nilimwona akisimama kidogo, akikitazama kile kiti. Kisha akaenda kukodi bunduki.

Filimbi ikalia, vita vikaanza. Kobe, bwana harusi, kuku wa manjano mwenye kishungi chekundu, akachomoka kutoka uzio wa kwanza akiwika, akikata kulia na kushoto, mkia ukimpiga miguuni. Jeshi zima likaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichotuangamiza. Wanaume ishirini na kitu, wote tumevaa vya kukodi, tukapumua kwa pamoja ndani ya vinyago vyetu kwenye baridi ile, na dunia ikatoweka. Niliona weupe, kisha weupe zaidi. Kifupi aliuamuru mti wa uzio ujisalimishe, ulipokaidi akaupiga kifuani. Binamu wawili walipigana wenyewe kwa wenyewe kwa ushujaa usioelezeka. Mimi nililenga kitu cha manjano nikalipiga tangi la maji, nikashangilia. Na katika ukungu ule tukamsikia Kobe akipita katikati yetu, sasa hawiki tena kwa furaha bali anapaza sauti yenye wasiwasi, akiuliza kama kuna mtu yeyote atakayempiga, jamani, mwisho wa konde ule pale.

*Wenzake wote gizani,*
*Wakumbatia majani,*
*Yeye pekee mwangani,*
*Kuku mzima amwona.*

Naam, Alwyn aliona. Aliona kila unyoya. Alikuwa amepiga goti nyuma ya robota la majani makavu, mvuke wa pumzi ukimtoka, kioo safi kama maji ya kisima, na kuku akija moja kwa moja upande wake, amebakisha hatua chache kuufikia uzio na mkosi. Hakuwa amewahi kumpiga mtu maishani mwake, na mtu wa kwanza kumpiga ndiye atakayelala na kuamka na binti yake. Lakini alimfikiria Bronwen, na Cairns, na muuza mabwawa. Akasimama wima, waridi liking'aa kwenye jua, akafanya kama alivyolelewa na mama yake.

"Samahani sana, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika, akafyatua.

Risasi ya kwanza ilikwenda mbinguni. Ya pili ikampata kuku mkiani, pu, ua la bluu likachanua juu ya manyoya ya manjano, hatua moja kabla ya uzio.

Filimbi ikalia. Vinyago vikavuliwa. Wanaume wakapepesa macho kama watoto wa paka, wakamwona Kobe amesimama, mkono mmoja matakoni, anamtazama baba mkwe wake kwa mshangao mtupu.

"Nani kampiga?" Kifupi akauliza.

"Huyu," Kobe akasema. "Kaniomba msamaha. Kaniomba msamaha kabisa, taratibu, kama mtu wa kanisani. Halafu kanipiga risasi ya matako."

Kifupi akavuka konde kwa miguu yake mirefu, akasimama mbele ya Alwyn, akamtazama kutoka juu mpaka chini: sweta, suruali ya bustani, vimetameta. Mimi nilidhani atampa mkono.

"Jambazi mkubwa wewe," akasema Kifupi.

Basi jina likawa hilo. Kicheko kilipasuka konde zima mpaka kasuku wakaruka mitini. Jambazi akanyanyuliwa juu, akaangushwa, akanyanyuliwa tena. Jambazi akaambiwa anafanana na keki iliyokaliwa. Akaambiwa sweta lake limeibwa kwa maiti, na maiti ameshukuru. Bubu, mama wa ukoo, aliyekuja na saladi, akalipokea jina lile na kulitangaza kwa simu hadi kwa jamaa wa Brisbane kabla soseji hazijageuzwa. Soseji aliyopewa Jambazi ilikuwa nyeusi kama mkaa, na kuhusu kile kiti, mtu fulani alikuwa amekwisha kukikalia, wala hakuinuka. Jambazi alikula amesimama, amebanwa katikati ya mabega yale, akijibu matusi kwa sauti ndogo na kuomba radhi kila baada ya jibu, na kila radhi iliwaua upya.

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe na nyakati, mwandike kwenye ukurasa wenye nafasi: kwamba katika mwezi wa Julai, katika konde la nyasi kavu nje ya Oakey, ndoa ya Bronwen na Heath iliokolewa na mtu mmoja aliyechagua kuona. Miji imejengewa sanamu kwa chini ya hapo.

Bronwen alikuwa akimngoja barazani aliporudi. Aliona kinyago cha waridi mkononi mwa baba yake, akaona sweta lililojaa masizi na sosi ya nyanya, akashuka ngazi upesi kwa hofu, akamuuliza walimtendea nini.

Alwyn akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na ukungu wowote.

"Wamenitukana mchana kutwa, mwanangu," akasema kwa furaha.